Usitume pesa ya HELB kwa ditekta mbovu

Wasee wa Fedha, ile fimbo fupi soja hukupitishia ukiingia mall si ya kutafuta vitu ardhini. Hiyo hushika kitu kilicho karibu kabisa, basi. Unataka ile ndefu, yenye sahani ya waya chini.

Ya bei ya chini inatosha kuanza, lakini mimi siwezi nunua isiyorekebisha udongo. Udongo mwekundu una chuma ndani yake, so mashine hafifu itapiga kelele kila hatua. Halafu kuna kuchuja misumari. Hiyo utaihitaji sana huku kwetu, vile mafundi hawaishi. Ila usichuje kila kitu: ukikataa vipande vya foil, pete ndogo ya dhahabu nayo inapita kimya.

Na kama ni video za dhahabu ya Kakamega na Migori zimekuamsha, tulia. Chembe ndogo hivyo mashine rahisi haizioni, na Sheria ya Madini ya 2016 inataka kibali.

Muuzaji akikubali, fukia kobole na pete kwa udongo, upitishe mashine mbele yake. Akikataa, rudi na doh zako.