Tarakimu Ishirini, Mikono Mitupu

Zamani programu yangu ikikwama nilikuwa na dawa moja tu: kompyuta yenye kasi zaidi. Ndiyo maana nilipojipa kazi ya kutafuta namba tasa kubwa inayosomeka vilevile ukianzia mbele au nyuma, kama 131, sikujisumbua kufikiri. Nikachagua tarakimu 20, nikaandika mistari michache ya Python, nikaiacha mashine izijaribu moja moja. Mimi huyo, kulala.

Asubuhi, kioo kitupu. Nikairudia usiku wa pili. Feni ikavuma hadi alfajiri, na namba tasa haikuonekana hata moja. Nikaanza kuweka akiba ya kompyuta mpya.

Mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa mezani na daftari lake. "Mjomba, kwani hizo si zote zinagawanyika kwa 11?"

Akaandika 4774, akajumlisha tarakimu kwa kuruka moja: 4 na 7 ni 11, 7 na 4, 11 tena. Jumla mbili zikilingana, namba hugawanyika kwa 11. Na namba ya kusomeka pande zote ikiwa na idadi shufwa ya tarakimu, kila tarakimu pacha wake huangukia kundi la pili, kwa hiyo jumla hazina budi kulingana. Ukiitoa 11 yenyewe, humo hamna tasa. Ningeisubiri mashine ile mpaka kiama!

Niliona haya, sifichi. Tangu siku hiyo kalamu hutangulia. Nilipotaka namba tasa zinazobaki tasa kila ukikata tarakimu ya mwisho, sikuzivamia zile kubwa. Nilianza na 2, 3, 5 na 7, nikaongeza tarakimu moja kulia, nikabakiza tasa tu, nikaongeza tena. Kutoka 4 zikawa 9, zikaja 14, 16, 15, 12, 8, mwisho 5, mzizi ukakauka. Jumla 83. Kubwa yao ni 73939133: kata 3 ya mwisho, 7393913 ni tasa, kata tena, 739391 nayo ni tasa, na hivyo hivyo mpaka 7. Kazi nzima haikufika hata sekunde moja.

Kompyuta ni ileile, feni bado inavuma. Akiba ile nilimnunulia mpwa wangu kikokotoo. Anakitumia kwa nadra.