Meza ya Duara

Wahenga walinena kwamba ya kale ni dhahabu. Dhahabu ya kwetu ilikuwa meza ya duara, ambayo mama aliiuza mwaka niliojiunga na chuo ili nilipiwe karo. Hapo ndipo tulipokuwa tukinywa chai ya jioni, na baba akicheza karata na majirani.

Nilipopata ufadhili wa shahada ya uzamili, nilidunduliza akiba, nikaenda Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, kutafuta mfano wake. Muuzaji alinionyesha meza mbili za mguu mmoja, akaapa kuwa zote ni za kale. Lakini seremala mmoja alikuwa amenifunza kuwa mbao husinyaa zaidi kwa upana wa nyuzi zake kuliko kwa urefu. Hivyo meza kongwe, hata iliyokatwa duara, hatimaye huelekea umbo la yai. Nikatoa futikamba. Ya kwanza ilikuwa duara kamili. Ya pili ilipungua milimita 5 upande mmoja, na chini yake vidole vyangu vilihisi mawimbi ya randa ya mkono. Nikainunua kwa akiba yote.

Mama aliipapasa ukingoni, akanyamaza kitambo.

"Mwanangu, hii siyo ile," akasema.

Kisha akaandaa chai juu yake, vikombe viwili. Nilitambua kwamba ukongwe wa mbao hupimika kwa futikamba. Deni la mzazi halipimiki.