Sungura Wangu Hakupiga Kelele

Nilipofika Mwanza kuanza chuo, kitu kilichonishinda si masomo. Ni usingizi. Mimi ni mtoto wa Kisaka, wilaya ya Serengeti, Mara. Kwetu zizi liko hatua chache kutoka dirishani, na tangu utotoni nimelala nikisikia ng'ombe wakipumua, wakicheua na kupiga mikia. Geto letu la Nyegezi lilikuwa na redio za majirani na jamaa mmoja anayeongea na mchumba wake mpaka saa nane usiku, lakini mnyama hakuwepo hata mmoja. Mwaka wa pili, bumu la kwanza lilipoingia, nikaamua kufuga.

Kwetu mnyama anafugwa kwa maziwa, kwa nyama, kwa mahari au kwa kulinda boma. Nilipomwambia baba kwenye simu kwamba natafuta mnyama mdogo wa manyoya, wa kukaa naye tu chumbani, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mura, pesa ya chakula ipo?"

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vinne, wapangaji saba, korido moja na choo kimoja. Mama mwenye nyumba alitoa masharti mawili: asipige kelele, asinuke. "Mwanangu, siku nikisikia harufu, mnahama wote, wewe na mnyama wako." Wakati anasema hivyo korido nzima ilikuwa inanuka dagaa wa kukaanga, lakini sikubishana naye.

Nilianza kumfikiria paka. Ni msafi, anafukia uchafu wake mwenyewe. Lakini mama alikuwa na vifaranga uwani, kwa hiyo hilo likaishia hapo hapo.

Wa pili alikuwa simbilisi, yule mnyama mnene asiye na mkia anayefugwa kwa kitoweo Nyanda za Juu Kusini, na pia mashariki ya Kongo, ambako wanamwita dende. Ni mpole kweli. Ila si mkimya: akisikia tu mfuko wa majani ukichakarishwa anapiga mluzi wa kuamsha korido nzima. Tena hapendi kuishi peke yake, na mwili wake, kama wetu binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Maana yake mboga mbichi ni kila siku, bumu liwepo lisiwepo.

Wa tatu, msinicheke, alikuwa panya buku. Pale SUA, Morogoro, shirika la APOPO linawafunza buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa hapa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu. Lakini buku anakesha usiku. Na kumweleza mama mwenye nyumba kwamba nimeleta panya ndani kwa hiari yangu, kazi hiyo ningeshindwa hata kama ningekuwa nimeshika medali yenyewe.

Akabaki sungura. Huyu wa kufugwa si yule wa hadithi anayemzidi Fisi akili. Yule wa porini kwetu hachimbi shimo na watoto wake huzaliwa na manyoya tayari. Huyu wa bandani asili yake ni Ulaya. Nilinunua jike mmoja, kwa sababu dume akikomaa hurusha mkojo huku na huku kuweka alama, na dume na jike ukiwaweka pamoja, baada ya mwezi mmoja tu una familia. Kwa kawaida sungura hana sauti. Kuhusu harufu, mwili wake haunuki na mavi yake ni punje kavu. Kinachonuka ni mkojo, nao ana tabia ya kuchagua kona moja ya kukojolea. Kwenye kona hiyo niliweka beseni lenye maranda, nikawa nabadilisha kila asubuhi, na kila Jumamosi nasugua beseni kwa siki. Mama alikuja kunusa mara mbili, akaondoka bila neno. Hasara niliyopata ni waya wa chaja tu, aliutafuna ukabaki vipande.

Na mwenzangu wa chumba? Nilimuuliza, ndiyo. Nilimuuliza siku nimesimama mlangoni na boksi mkononi, sungura yumo ndani. "Vipi kaka, fresh?" Akasema, "Fresh tu." Nikaingia.

Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri. Nililala kama niko nyumbani. Alfajiri nilimsikia akitafuna taratibu, nikajigeuza na kulala tena.

Kisha ikaja wiki ya tesiti. Jumatano asubuhi nilimwekea chakula nikakimbia chuo. Jioni nikakuta chakula kiko vile vile na beseni halina hata punje moja ya mavi. Yeye alikuwa amejikunja kwenye kona, macho nusu wazi, kimya kama siku zote. Hakulia wala hakugonga mguu. Kama nisingeangalia beseni ningelala, na pengine asubuhi ningemkuta amekufa.

Daktari wa mifugo aliuliza anakula nini. Nikasema makombo ya ugali, mkate, kabichi. Akatikisa kichwa. Sungura, alinieleza, chakula chake kikubwa ni majani makavu. Bila hayo tumbo linasimama, na likisimama siku nzima hiyo tayari ni dharura. Akaongeza kwamba mnyama anayeliwa na wengine huwa anaficha maumivu, kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayekamatwa kwanza. "Kwa hiyo usisubiri akwambie."

Akapona. Na mimi nikageuka mfugaji hodari. Nilikata nyasi, nikazianika juu ya mawe nyuma ya nyumba, nikajaza gunia zima na kuliweka chini ya kitanda changu. Kila jioni nilikung'uta mafungu mawili. Vumbi lilionekana kwenye mwanga wa taa, nami nikaona ni zuri, linanikumbusha kwetu.

Mwenzangu akaanza kusomea darasani mpaka usiku sana. Nikajua ni mitihani. Akaanza kulala chumba cha jirani. Nikajua wanajisomea pamoja. Alikuwa anakohoa, lakini nani hakohoi akiishi korido ya dagaa?

Usiku mmoja saa tisa niliamka nikamkuta amekaa kitandani, mikono kwenye magoti, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya hewa kwenye mrija. Pampu yake ya pumu ilikuwa imeisha. Nikaita bodaboda, tukambana katikati, mimi nyuma nimemshika kifua, mpaka hospitali. Wakamwekea mashine ya mvuke. Kulipokucha alikuwa anaweza kuongea.

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia una pumu na nyasi zinakuumiza?

Akaangalia pembeni. "Kaka, Novemba bumu langu lilichelewa, kodi ulinilipia wewe. Sasa ningeanzaje kukwambia toa mnyama wako?"

Ile kodi nilikuwa nimeshaisahau. Yeye alilala nayo kila usiku pamoja na lile vumbi. Na mimi, niliyejifunza kukagua beseni la sungura kila asubuhi kuona kama tumbo linafanya kazi, sikuwahi kujiuliza kwa nini kitanda cha mwenzangu kimetandikwa siku nne mfululizo.

Gunia nililitoa asubuhi ile ile. Sungura akahamia uwani, ndani ya kreti, mpaka chuo kilipofungwa. Kisha nikamweka kwenye boksi lenye matundu, basi mpaka Mugumu, halafu bodaboda mpaka Kisaka.

Baba alicheka sana. "Mura, miaka miwili Mwanza, umeniletea kitoweo cha mtu mmoja?" Lakini akamtoa kwenye boksi kwa mikono miwili, akamtazama pua, akamtazama meno, akachungulia mavi chini ya boksi. Nikamsimulia yote, pamoja na habari ya mwenzangu. Hakunihubiria. Alisema tu kwamba yeye asubuhi, kabla ya kufungua zizi, huwa anamtafuta ng'ombe asiyecheua. Anayelia hana haja ya kumtafuta, ameshamsikia.

Sungura yuko kule mpaka leo, kwenye banda la mbao na wavu, majani bwerere. Mdogo wangu wa darasa la nne ndiye mwenye mamlaka, na amepiga marufuku mtu yeyote kutaja neno kitoweo mbele yake.

Nimeandika haya kwa sababu najua wengi mnapanga mitaani, na bumu likiingia mtu anaanza kuwaza mnyama wa kumliwaza. Sikukatazi. Kwa chumba cha pamoja bado nasema sungura jike mmoja anafaa, mradi beseni libadilishwe kila siku, majani makavu yawepo muda wote, na yakung'utiwe nje. Ila kabla ya kutoa hela, mwulize unayeishi naye. Mwulize boksi likiwa bado dukani, na kama anadaiwa na wewe, mwambie wazi kwamba deni halihusiani. Mwulize habari ya kifua, ya usingizi, ya vitu anavyoogopa. Akijibu "fresh tu" haraka haraka, mwulize tena kesho yake.

Mimi na yule jamaa bado tunakaa chumba kimoja. Ile kodi alinirudishia muhula uliofuata, nikaipokea bila kujifanya mkarimu, kwa sababu nilishaona inavyomfunga mdomo. Juzi nilikuwa nakaanga dagaa, akatoa kichwa mlangoni akasema, "Kaka, hebu funga huo mlango wa jiko, unatuua na harufu."

Nikafunga. Nilifurahi kumsikia akilalamika.