Amri Moja Badala ya Saba

Kazi ya ualimu ni kazi ya kurudia. Tangu mwaka 1973 nilipoanza kushika chaki hadi mwaka 2011 nilipostaafu, nikiwa Mwalimu Mkuu, nilisimamia kengele ile ile, gwaride lile lile na mahudhurio yale yale. Chuoni tulikojifunza ualimu, mkufunzi wetu alitusisitizia kuwa jambo linalorudiwa kila siku halifai kuachiwa kumbukumbu ya mtu. Ndiyo maana kuna azimio la kazi na maandalio ya somo, ili mwalimu mmoja akiugua, mwingine aingie darasani na kuendelea alipoishia mwenzake.

Sikudhani kwamba somo hilo lingenirudia uzeeni, tena kutoka kwa mjukuu.

Mjukuu wangu huyu ni mtengenezaji wa programu za kompyuta. Miaka miwili iliyopita nilimweleza tamanio langu la kukusanya majina ya wanafunzi wote niliowaandikisha kwa mkono wangu, na mahali kila mmoja alikofikia. Nilikuwa na madaftari 11. Akaniambia, "Babu, tukutengenezee programu." Yeye akaandika programu, mimi nikawa karani wa kuingiza majina kwa vidole viwili.

Jioni moja nilimtazama akianza kazi. Aliingia kwenye folda ya mradi, akavuta mabadiliko ya karibuni kwa amri ya git pull, akawasha mazingira ya Python, akasakinisha vilivyopungua, akasawazisha muundo wa kanzidata, akaendesha majaribio, kisha ndipo akaiwasha programu yenyewe. Amri saba, zote kwa kuchapa! Kesho yake, saba zile zile. Siku ya tatu akasahau ile ya tano, programu ikagoma, na tukapoteza saa nzima tukitafuta mchawi asiyekuwapo.

Nikamwuliza, "Kwa nini huziandiki mahali pamoja, mashine ikajisomea yenyewe?"

Alicheka. "Babu, hiyo inaitwa skripti. Nimekuwa mvivu tu."

Alinieleza kwamba kati ya mtu na moyo wa kompyuta ipo programu inayopokea amri zilizochapwa na kuzitekeleza, nayo huitwa sheli. Amri zile zile unazozichapa moja moja unaweza kuziandika katika faili la maandishi matupu, mstari kwa mstari. Faili hilo hupewa ruhusa ya kutekelezwa kwa amri ya chmod, na kuanzia hapo unaliita kwa jina lake tu. La kwetu tuliliita kazi.sh.

Wazo hili si la jana. Mfaransa Louis Pouzin alilifanyia kazi katika miaka ya 1960 akiwa MIT, Marekani, na jina la sheli ni lake. Mwaka 1976, katika maabara za Bell, Stuart Feldman alitunga programu iitwayo Make baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akisaka kosa katika programu isiyo na kosa. Kumbe faili lililorekebishwa lilikuwa halijaunganishwa upya. Sheli ya Stephen Bourne ilitoka mwaka 1979, na mwaka 1989 Brian Fox akatoa Bash, ambayo ndiyo tuliyoitumia sisi. Niliposikia hayo nilifarijika, maana kusahau hatua hakukuanza na mjukuu wangu.

Basi kazi.sh ikatuhudumia vyema kwa miezi minne. Mjukuu aliongeza ndani yake mistari ya kutunza nakala ya kanzidata. Mstari wa kwanza uliingia kwenye folda iitwayo backup, wa pili ulifuta nakala ya zamani, wa tatu ulileta mpya.

Hapo ndipo nilipotia mkono wangu. Asubuhi moja, nikiwa peke yangu, nililiona neno lile la Kiingereza katikati ya majina yetu ya Kiswahili, likanikera. Nikalibadili jina la folda kuwa akiba. Sikumwambia mtu.

Jioni mjukuu akaiita kazi.sh. Skripti ikatafuta folda ya backup, haikuiona. Mtu angesimama akauliza. Sheli haikusimama. Iliandika kwamba folda haipo, ikashuka mstari wa pili: futa kila kilichopo. Na kwa kuwa haikuwa imeingia popote, ilifuta pale pale ilipokuwa imesimama, yaani ndani ya mradi wetu, pamoja na kanzidata na ile akiba yenyewe.

Msimbo wa programu aliurudisha kwa dakika chache, kwa sababu git huweka kumbukumbu zake katika folda iliyofichika ambayo ufutaji ule haukuigusa. Lakini majina hayakuwamo humo. Kazi ya miezi minne ikawa imekwenda.

Alishika kichwa. "Ni kosa langu, Babu. Niliandika vibaya. Nisamehe."

Nami, ndugu msomaji, nilinyamaza.

Nilinyamaza siku mbili. Nilijiambia kwamba kweli skripti ni yake, na kwamba mtengenezaji makini angeweka kizuizi. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote yalikuwa kichaka cha kujifichia. Katika miaka 38 niliwachapa watoto wangapi kwa kosa la kuvunja kitu na kunyamaza? Usiku wa pili nilifungua daftari moja la zamani, nikaona jina la kijana niliyemwadhibu kwa ajili ya kioo cha dirisha la ofisi. Sikupata usingizi.

Mficha uchi hazai. Asubuhi nilimpigia simu nikamweleza habari ya folda. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ahsante, Babu. Nilikuwa naogopa kuandika skripti nyingine."

Maneno hayo yalinichoma kuliko lawama. Ukimya wangu ulikuwa unamfundisha kuogopa kazi aliyoijua.

Tuliiandika upya tukiwa wawili. Juu kabisa tuliweka set -e, amri inayoiagiza sheli isimame mara hatua moja inaposhindwa. Hatufuti tena nakala ya jana. Kila nakala inapewa tarehe yake, na moja huenda kwenye flashi inayokaa kabatini kwangu. Kila mstari una maelezo ya Kiswahili mbele yake, yakianza na alama ya reli, ili atakayekuja ajue unafanya nini na kwa nini.

Majina nayaingiza upya kutoka kwenye madaftari. Nimefika daftari la saba. Kila jioni naandika amri moja badala ya saba, lakini kabla ya kubonyeza huisoma skripti yote, tangu juu hadi chini, kama nilivyokuwa nikikagua maandalio ya walimu wangu. Na nikibadili hata neno moja, nampigia simu mjukuu siku hiyo hiyo.