Kujipenda na Kujiona



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaotusoma kutoka mbali,

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mgeni angeyadhania kuwa ndugu wa tumbo moja, kumbe hayana hata ujamaa wa mbali. Tukisema kwamba binti fulani anajipenda, hatumlaumu. Tunamaanisha kuwa anaoga, nguo yake imepigwa pasi, kucha zake ni safi na nywele zake zimetunzwa, hata kama gauni lenyewe ni la mtumba. Mama mkwe akisikia habari hizo hufurahi. Lakini tukisema kwamba mtu anajiona, hapo tumekwisha kumhukumu. Litazameni neno lenyewe. Macho aliyopewa awatazame wenzake ameyageuza yakamrudia mwenyewe, naye anapita katikati ya watu kama apitaye mbele ya kioo.

Nimeyakumbuka maneno hayo kwa sababu wiki chache zilizopita walinijia akina mama wa jumuiya moja ndogo ndogo wakiniomba nimwonye mwenzao, ambaye ni mjane. (Naandika kwa ruhusa yake, na wala msijisumbue kumtafuta.) Tangu alipomaliza matanga ya mumewe, walisema, amebadilika. Anasuka, anashona vitenge vinavyomkaa vizuri, anapaka rangi ya midomo akija Misa ya Jumapili. Zaidi ya hayo, kila alfajiri anatembea kwa miguu hadi barabara kuu na kurudi, na jioni hali tena ugali. "Baba," mmoja wao aliniambia kwa uchungu, "mwanamke wa Mungu anajitangaza."

Nilizungumza na mjane huyo. Alinieleza kwamba kwa mwaka mzima baada ya mazishi hakutazama kioo. Alikula kilichobaki kwenye sahani za watoto, mara nyingi wali mkavu na chai yenye sukari nyingi, saa nne za usiku. Mwili ukavimba, kichwa kikawa kinamwuma kila siku. Alipokwenda kupima, shinikizo la damu lilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi alimuuliza kama anataka watoto wake wawe yatima mara mbili. Swali hilo ndilo lililomwondoa kitandani. Rangi ya midomo ilikuja baadaye sana, siku aliyoamka akahisi kwamba anaweza kuishi.

Je, nimwonye huyo? Niliwaomba wale akina mama wakasome kitabu cha Yudithi, sura ya 8 na ya 10, halafu turudi tuzungumze. Yudithi naye alikuwa mjane. Alivaa gunia na kufunga siku nyingi za ujane wake. Lakini saa ilipofika ya kuwaokoa watu wake, alivua gunia, akaoga, akajipaka marhamu, akachana nywele, akavaa vazi la furaha na vikuku na pete. Maandiko hayamlaumu hata kidogo. Tafsiri ya Kilatini ya Mtakatifu Yeronimo inaongeza kwamba Mungu mwenyewe alimzidishia uzuri, kwa kuwa pambo lake lilitoka katika fadhila. Mmoja wa akina mama wale alirudi akicheka, akaniambia, "Baba, umetufunga mdomo." Wengine bado hawajarudi.

Seminarini tulifundishwa kwamba wamonaki wa jangwani walikuwa wapelelezi hodari wa moyo wa mwanadamu. Evagrio wa Ponto, katika karne ya 4, aliorodhesha mawazo mabaya manane, na akatenganisha kiburi na majivuno, yaani utukufu wa bure. Mwenye kiburi hajali watu wanasema nini, kwani amejitosheleza. Mwenye majivuno, kinyume chake, ni mtumwa wa macho ya watu. Asiposifiwa leo, usiku hapati usingizi. Baadaye Mtakatifu Gregori Mkuu alikifanya kiburi kuwa mzizi wa vilema vyote, na majivuno akayaweka kuwa tawi lake. Mimi huona ule mtengano wa Evagrio ukisaidia sana katika kitubio, kwa sababu wengi wanaokuja kuungama kiburi, hasa vijana, hawana kiburi chochote. Wana hofu. Wanaogopa kutoonekana.

Mtakatifu Fransisko wa Sale, askofu wa Geneva, aliyemwandikia Filotea wake kitabu cha maisha ya ibada mwaka 1609, hakuwa na shida na nguo nzuri. Alitaka watu wa ibada wawe wanaovaa vizuri kuliko wote waliopo, ila wawe wa mwisho kwa makeke. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye wanasimulia kwamba mwenyewe alikuwa mtu mnene, alipojadili mapambo alitofautisha anayejitengenezea uzuri wa uongo na anayeficha kasoro iliyoletwa na ugonjwa au sababu kama hiyo. Huyu wa pili hakumhukumu. Nawaomba mlikumbuke hilo kabla ya kumcheka mama aliyevaa nywele za bandia. Hamjui dawa gani zilimnyonyoa.

Sasa chakula. Hapa nitakaa kidogo, maana naona ndipo tunapochanganya mambo zaidi, na tena hatupendi padre aingie jikoni.

Sisi tulio na umri wa miaka arobaini na kitu tulikua katika nyakati ambazo wembamba ulitisha. Miaka ya 1990, mtu akianza kupungua, majirani walinong'ona, na mara nyingi baada ya miezi michache tulikuwa makaburini. Dawa za kufubaza virusi vya ukimwi zilianza kutolewa bure nchini Tanzania mwaka 2004. Kabla ya hapo, mwili mnene ulikuwa kama cheti cha afya kinachotembea. Ndiyo maana hata leo mtu akipunguza kilo tano anaulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Mimi mwenyewe daktari aliponishauri nipunguze, waumini wawili waliniletea kuku, na mmoja akanitolea nia ya Misa. Nawashukuru. Lakini hofu ile tuliyoirithi imetufanya tukione kitambi kuwa ni heshima, na tumwandalie mgeni, hasa Baba Paroko, sahani ambayo ingetosha familia. Shinikizo la damu na kisukari haviheshimu joho.

Tena kushiba si kulishwa. Katika utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini mwetu walikuwa wamedumaa. Na ilikuwa wapi hali mbaya kuliko kote? Iringa, Njombe, Rukwa: mikoa inayolisha nchi. Mtoto anashiba uji wa mahindi matupu asubuhi na ugali jioni, maharage yanauzwa, mayai yanauzwa, maziwa yanauzwa. Nimezaliwa Nyanda za Juu, na habari hiyo inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Fedha ya mayai mara nyingine hununua sare za harusi ya jirani.

Halafu tazameni unga wetu wenyewe. Mahindi yakikobolewa, pumba na kiini vinaondoka, na humo ndimo mlimo na sehemu kubwa ya vitamini, mafuta mema na nyuzinyuzi. Tunabaki na sembe, nyeupe, laini, ya kupendeza mezani. Dona tumeiachia shule za bweni na magereza. (Ni kweli kwamba dona inadai mahindi makavu yasiyo na ukungu. Hatujasahau vifo vya sumukuvu vya mwaka 2016 Dodoma na Manyara.) Lakini mkimuuliza mama kwa nini anachagua sembe, hatawaambia habari za sumukuvu. Atawaambia, "Baba, ni nyeupe." Wageni wakija, sahani ing'ae.

Na weupe huohuo tunautafuta kwenye ngozi. Sitaki kuwasema mabinti wanaotumia mkorogo kana kwamba wao ndio waliouanzisha. Kuna mtu aliyewaambia, labda tangu utotoni, labda nyumbani, kwamba yule dada yake mweupe ndiye mzuri. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na hupenya hadi kwenye figo na kuziharibu. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, hata kidonda kidogo kikachelewa kupona. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umezikataa krimu za zebaki, lakini sokoni bado zinapatikana kwa jina hili au lile. Nimeona binti aliyefika ofisini kuandikisha ndoa akiwa amefunika mikono yake hadi kwenye vidole, na jua la saa saba lilikuwa kali. Alikuwa amejichoma. Nilipomuuliza, alisema mchumba wake hakuwahi kumwomba kitu kama hicho, ila aliogopa picha.

Aliogopa picha. Huyo hajiridhii hata kidogo, wapendwa. Kama hayo ni majivuno, basi ni majivuno ya mtu mwenye njaa. Wapo pia wanaojinyima chakula kabisa wiki za mwisho ili gauni lifunge. Mwili unaonyimwa ghafla hauchagui kuondoa mafuta tu. Unakula misuli, na miezi miwili au mitatu baadaye nywele zinaanza kutoka kwenye kitana. Bibi arusi anapendeza siku moja, kisha anaingia katika ndoa akiwa dhaifu, pengine na mimba, na damu haitoshi. Wazazi na wasimamizi, hili ni la kwenu. Msiseme mnasubiri Paroko aliseme kwenye mafundisho.

Katika Kwaresima hii nimeulizwa na vijana kadhaa, kwa unyofu, iwapo inafaa kufunga na kupungua kwa wakati mmoja. Swali hilo si la kipuuzi. Danieli na wenzake watatu, katika sura ya kwanza ya kitabu chake, walikula mboga na kunywa maji kwa siku kumi, na nyuso zao zikaonekana kuwa na afya kuliko za vijana waliokula chakula cha mfalme. Lakini mwone walivyoanza. Hawakuwa wakitafuta nyuso. Walikataa kujitia unajisi, walishika agano, na uso ulikuja kama nyongeza. Naye Bwana wetu, katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, anamwagiza anayefunga ajipake mafuta kichwani na kunawa uso. Nimelitafakari agizo hilo miaka mingi. Angeweza kusema kwamba anayefunga asijali sura yake kabisa. Badala yake anatuma watu kioo, tuseme hivyo, ili mfungo ufichike. Mafuta kichwani yalikuwa unadhifu wa kawaida wa siku zile, na Yesu anautumia unadhifu kuyazuia majivuno.

Kwa hiyo nimewajibu hivi. Sheria ya Kanisa ya kufunga inawabana walio na miaka 18 hadi 59, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha hawabanwi. Zaidi ya hapo, ukiacha nyama au soda, kile ulichokiacha kina bei. Kiweke kwenye bahasha, kimfikie asiye na chakula. Ukifunga, ukapungua, na bahasha ni tupu, umefanya jambo jema la kiafya na hakuna dhambi. Ila liite kwa jina lake. Na ukijikuta unapanda mzani mara nne kwa siku, au unakula kwa siri na kujitapisha, hapo si suala la kiburi wala la mfungo. Njoo tuongee, na baada yangu twende kwa daktari, bila aibu. Nimekwisha kumsindikiza kijana mmoja, na si mtu ambaye mngemdhania.

Kijana mwingine aliniuliza kuhusu mazoezi ya kunyanyua vyuma. Nilimwambia anyanyue. Kisha nikamwomba Jumamosi aje na wenzake, maana mabenchi ya ukumbi wa parokia yanahitaji kuhamishwa, na vitanda viwili vya zahanati pia.

Ndiyo, vitanda. Jumamosi hiyohiyo, baada ya Misa ya asubuhi, wauguzi wawili wa parokia yetu watapima shinikizo la damu na sukari kwa wote, bure, na mama mmoja mtaalamu wa lishe ataonyesha jinsi ya kuuongezea uji wa watoto karanga, dagaa na mboga za majani bila kutumia fedha nyingi. Wapimwao sukari waje bila kunywa chai. Yule mjane ndiye atakayeandikisha majina mlangoni, na nimemwomba asivae gunia.

Mungu awabariki.

Baba Paroko