Makaburi Yaliyohifadhi Msitu: Safari ya Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

Msafiri atokaye Songea kwenda Mbinga hupokewa kwanza na kahawa, kisha na ngolo. Ngolo ni mashimo yaliyochimbwa safu kwa safu juu ya miteremko ya Umatengo, na kwa mbali mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Wamatengo hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, hata ikafanyika miraba. Halafu huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Majani huoza yakawa mbolea, maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta, na mvua ikinyesha maji hutuama mashimoni wala hayachukui udongo kwenda nao bondeni. Ufundi huu si mdogo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja kuusoma kwa wenyewe. Lakini safari hii hatukufuata ngolo wala kahawa. Tulifuata makaburi.

Sababu yenyewe ni hii. Mwenzetu mmoja, mwalimu aliyezaliwa huko, alitwambia kuwa katika vilima vya kwao, ambako kila kipande cha ardhi kimekwisha kupita jembe, mtu akitaka kuwaonyesha wanawe miti waliyoiona babu zao hana budi awapeleke wanakozikwa watu. Twakiri kuwa tulilichukua neno hili kama mzaha wa mwalimu. Tulipofika tuliona ni kweli tupu.

Kwa mbali hukioni ila kichaka cheusi juu ya kilima, na pande zote kahawa na mihogo. Ukikaribia hewa hubadilika. Tuliona miombo yenye magome ya kijivu, mininga, mibula, na misuku ambayo matunda yake kila mtoto wa Ruvuma ayajua kabla ya kujua kusoma. Chini yake yalikuwapo majani marefu yasiyoota shambani, na maua madogo ya rangi ya manjano ambayo mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni alituonya tusiyakanyage. Wenye maua ya namna hii, yaani jamii ya okidi, wamepata taabu kubwa katika nyanda hizi za kusini. Kwani viazi vyao huchimbwa na kupelekwa Zambia kufanywa chakula kiitwacho chikanda, na mahali pengi wamechimbwa hata wakatoweka. Kaburini hachimbi mtu.

Hiyo ndiyo siri yote, wala hapana nyingine. Jembe haliingii. Miti ya miombo ina tabia ya kuchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi yake ikikatwa; huweza kukatwa mara nyingi na isife. Kinachoiua ni kung'olewa mizizi na ardhi kulimwa mwaka baada ya mwaka. Tena miti hii haiishi peke yake. Mizizi yake imeshikana na kuvu zilizo chini ya udongo, zikipeana chakula na maji, na kuvu hizo ndizo zitoazo uyoga mwingi ulao watu wakati wa mvua. Kata miombo, panda kahawa au mikaratusi, ambayo huko huitwa milingoti, na uyoga ule hauonekani tena. Kwa hiyo akina mama wa vilima vile huujua msitu wa makaburi kwa kitoweo pia, ingawa wako wasiokubali kuchuma hapo kwa kuwaonea haya marehemu.

Wamatengo wengi ni Wakatoliki, na zamani kabla ya dini hizi wazee wao waliwakumbuka mahoka, yaani roho za wahenga, chini ya miti kama hiyo. Muislamu hamuombi maiti wala mti. Lakini kuutunza mti si kuuabudu, na mwenye kulichanganya jambo hili hujidhulumu nafsi yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliifanya Madina kuwa mahali patakatifu ambapo miti yake haikatwi. Na alipopita penye makaburi mawili alipasua kuti bichi akapandika kipande juu ya kila kaburi, akitaraji wapate nafuu maadamu halijakauka. Ndiyo maana wako wanavyuoni waliochukia kukata majani mabichi yaliyoota juu ya makaburi, wakaruhusu makavu.

Jambo hili si la Ruvuma peke yake. Katika jimbo la Illinois, Marekani, palikuwa na ekari kama milioni 22 za mbuga za nyasi. Mwaka 1837 John Deere alitengeneza huko plau ya chuma laini isiyogandwa na udongo, na kabla ya karne kwisha mbuga ile ilikuwa mashamba ya mahindi. Leo nyasi za asili zilizobaki katika hali njema hazifiki hata sehemu moja katika elfu, na baadhi ya vipande bora vimeonekana katika makaburi ya walowezi wa kwanza, kama kile cha Weston chenye ekari 5 tu. Walewale walioimaliza mbuga ndio walioihifadhi, kwa kulala ndani yake. Na karibu na kwetu, misitu ya Kaya ya Wamijikenda katika pwani ya Kenya, ambamo wazee wao walikaa na kuzikwa, iliingizwa mwaka 2008 katika urithi wa dunia.

Kutoka Mbinga tuliteremka Mbamba Bay. Barabara sasa ni ya lami, na joto hukupokea kabla hujaliona ziwa. Tulipita Liuli kulitazama lile jiwe ambalo Wajerumani walilifananisha na sanamu ya Misri wakaiita bandari Sphinxhafen. Hapo ndipo mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipoipiga mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Ufukweni miti mikubwa ya makaburini mara nyingi ni miembe. Ni kivuli kizuri, lakini mwembe ni mgeni aliyeletwa. Ulisambaa bara pamoja na misafara ya watu wa pwani, kama wale waliomfuata Jumbe hata Nkhotakota, ng'ambo ya ziwa, katika miaka ya 1840. Mtu asidanganyike kwa ukubwa wa mti akadhani ameuona msitu wa kale.

Katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja, tuliwakuta Waislamu wachache wakishindana baada ya sala ya Alasiri. Vijana walitaka makaburi yafyekwe yote, yatiwe moto, ipandwe milingoti, na nguzo zake ziuzwe ili ukuta wa msikiti ukamilishwe. Nia yao ilikuwa njema. Mzee mmoja akawaambia, "Wanangu, ukuta tutaujenga kwa dagaa. Msitu huu tutaujenga kwa nini?"

Tuliombwa tuseme, nasi tukasema lililotupata. Tulipokuwa vijana, katika mji mwingine, tulikusanywa kusafisha makaburi kabla ya Ramadhani. Tulifyeka, tukang'oa, tukachoma, tukarudi nyumbani tukijisifu. Masika yalipokuja maji yalichukua udongo uliobaki uchi, makaburi kadhaa yakatitia, na nyanya yetu, ambaye mumewe alilala huko, hakuweza tena kulijua kaburi lake. Alama yake ilikuwa kichaka cha maua meupe. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Mmesafisha, au mmefukuza?" Hata leo hatuna jibu la kumpa, naye amekwisha kwenda kwa Mola wake.

Vijana walinyamaza. Mmoja alisema, na kwa haki, kuwa nyoka nao wamo kichakani, na kwamba watu wazima huogopa kuingia usiku wakati wa maziko. Ni neno la kweli, wala halifai kupuuzwa. Mwisho walipatana hivi: njia ya jeneza ifyekwe pana, majani yaliyo karibu na makaburi mapya yakatwe kwa mundu yakisha kukauka, jembe lisiingie ila kwa kuchimba kaburi, na moto usiwashwe kabisa. Shauri la milingoti liliahirishwa, hatukusikia likifutwa.

Asubuhi yake, kabla ya kuondoka, yule kijana aliyetaja nyoka alituchukua hadi pembeni mwa makaburi. Alikuwa ameona mninga mchanga, urefu wa mkono, umechipua karibu na kaburi la mtoto. Amekwisha kuchomeka vijiti vitatu kuuzunguka na kufunga kitambaa chekundu, ili wenye mundu wauone.