Jina moja, kazi mbili

Mwanafunzi, ukikaa mbele ya kompyuta yenye mfumo endeshi usiouzoea, usiogope amri ngeni. Iogope ile inayofanana na uliyoizoea.

Chukua "find". Kwenye Windows, ukiandika find "Bunda" orodha.txt unaletewa mistari yote yenye neno Bunda. Andika vivyo hivyo kwenye Linux, utajibiwa kwamba hakuna faili liitwalo Bunda. Wengi hudhani orodha imefutika. Haijafutika: huko "find" hutafuta mafaili, haitafuti maneno yaliyomo. Hata Kiswahili kina mbuzi wa kuchungwa na mbuzi ya kukunia nazi.

Shule moja ya bweni mjini Musoma ilikuwa inakaribia kufungwa, tukahitaji kujua wangapi wanakwenda Bunda na wangapi Butiama ili magari yatoshe. Kompyuta ilikuwa ya Linux, na hakuna aliyejua jina la amri. Tuliijua kazi tu. Basi tukatumia "man -k", inayopekua maelezo mafupi ya amri zote kwa neno utakalolitaja. Tulipoandika "search" zikaja amri nyingi, tuliyoitaka haimo. Tulipoandika "match" ikatokea "grep", ambayo huonyesha mistari inayolingana na ulichotaja. (Jina hilo nani angelikisia? Limetokana na g/re/p, amri ya "ed", kihariri cha zamani cha Unix.) Kwa hiyo, unapojisomea, usikariri majina ya amri tu. Jifunze pia vitenzi vya Kiingereza vinavyoeleza kazi zake, viwili vitatu kwa kila kazi, kwa sababu maelezo hayo yameandikwa kwa Kiingereza.

Ukiandika grep -c Bunda orodha.txt utapata idadi ya mistari. Lakini "grep" hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Aliyejiandika BUNDA hahesabiwi mpaka uongeze -i, na asiyehesabiwa ndiye atakayebaki stendi na sanduku lake. Kabla ya kuhesabu, isome orodha kwa macho. Wa Kiabakari, iliyo wilayani Butiama, huenda ameandika Kiabakari basi, naye hutampata kwa kutafuta Butiama peke yake. Wote wawili unawapata hivi:

grep -i -c -e Butiama -e Kiabakari orodha.txt